Albamu Ileile, Sauti Nyingine: Ukitaka Kuirudia Roki ya Zamani, Uliza Kwanza Ni Nakala Ipi

Ukizunguka Memorial, soko la mitumba la Moshi, hukosi kukuta fulana nyeusi yenye jina la bendi kifuani: Iron Maiden, Metallica, AC/DC, Motörhead. Wengi wanaozivaa hawajawahi kusikia hata wimbo mmoja wa bendi hizo, na hakuna ubaya, fulana ni fulana. Ila ipo siku mwenye fulana hushikwa na hamu. Anaandika lile jina kwenye simu, anabonyeza kinachotokea juu kabisa, na kabla wimbo wa pili haujaisha ameshazima. Kelele tu, anasema.

Mimi humwamini. Huenda alichosikia ni kelele kweli. Swali ni kama ndicho kile bendi ilichorekodi.

Albamu kongwe za roki ngumu na hevi metali zina jambo moja ambalo msikilizaji wa kawaida haambiwi. Kila moja inazunguka duniani katika nakala nyingi zenye jina moja na picha ileile ya jalada, lakini sauti hazilingani. Katika nyingine hata wapigaji si walewale. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Paranoid ya Black Sabbath, mmoja akiisifu na mwingine akiiponda, kumbe kila mmoja alisikia kitu chake. Msimamo wangu nautoa mapema: nyingi kati ya albamu za 1970 hadi 1990 bado zina nguvu zake zote. Kinachozeeka vibaya ni nakala tunazopewa.

Mikono mitatu

Kabla albamu haijakufikia, sauti hupita mikono mitatu.

Wa kwanza ni wa kurekodi. Oktoba 1969 vijana wanne kutoka Birmingham, Uingereza, waliingia studio ya Regent Sound jijini London wakapiga karibu albamu nzima kwa siku moja, wote kwa pamoja, namna walivyozoea kupiga jukwaani. Hao ni Black Sabbath, na albamu hiyo yenye jina lao ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Kwa kuwa anapiga kwa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa ya sabuni aliyoiyeyusha, akafunga nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya tatu, Master of Reality (1971), akawa analegeza nyuzi zote nusu toni tatu chini ili zisimwumize. Nyuzi zilizolegea zilitoa mngurumo ambao bendi nyingine zinauiga hadi leo.

Uzito wa Sabbath hautokani na kupiga kwa sauti ya juu. Unatokana na nyuzi zilizolegea, mwendo wa taratibu, na ile nafasi iliyoachwa kati ya pigo na pigo. Ishike hiyo nafasi, tutaihitaji mbele.

Mkono wa pili ni wa kumiksi. Kwenye tepu za studio kila chombo hukaa kwenye mstari wake: dramu, besi, gitaa la ridhimu, gitaa la solo, mwimbaji. Fundi mitambo ndiye anayeamua nani akae mbele na nani arudi nyuma. Aliyewahi kukaa kwenye studio yoyote ya Arusha anajua ugomvi unaoanzia hapo. X Plastaz walipoweka uimbaji wa Kimaasai kwenye hip hop yao, na albamu yao ya 2004 inaitwa hivyohivyo, Maasai Hip Hop, mtu alilazimika kuamua sauti ile ipande juu ya biti kiasi gani. Uamuzi wa namna hiyo ndiyo miksi.

Mkono wa tatu ni wa kumasta. Hapa miksi imeshafungwa. Anayemasta hupokea wimbo mzima ukiwa kitu kimoja. Anaongeza au kupunguza besi kwa ujumla, anapandisha au kushusha kiwango cha sauti, anazipanga nyimbo zilingane, kisha anazitayarisha kwa ajili ya santuri, kanda, CD au mtandao. Chukulia mtori. Ndizi na nyama zikishapondwa pamoja, aliyeko mezani anaweza kuongeza chumvi au pilipili, lakini hawezi kukutolea nyama peke yake. Kumiksi ni kuponda, kumasta ni chumvi ya mezani.

Maneno yanayowachanganya watu yanafunguka hapo. Remasta ni kubadilisha chumvi. Remiksi ni kurudi kwenye tepu za asili na kuponda upya. Na kuna la tatu ambalo kampuni hazipendi kulitangaza kwa herufi kubwa: kurekodi upya.

Besi ya Newsted

Mfano unaofundisha kuliko yote ni …And Justice for All ya Metallica, ya 1988. Mpiga besi wao Cliff Burton alifariki Septemba 1986 basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden, miezi michache baada ya Master of Puppets kutoka. Nafasi yake akaichukua Jason Newsted. Albamu ya kwanza aliyorekodi nao ikatoka na besi isiyosikika. Sikuongezei chumvi: tega sikio utakavyo, utasikia magitaa makavu na dramu inayogonga, na chini yake patupu. Waliofanya miksi walieleza baadaye kwamba besi ilishushwa kwa matakwa ya bendi yenyewe.

Mwaka 2018 albamu hiyo ilitoka upya ikiwa remasta, na mashabiki wengi duniani wakadhani besi inarudi. Haikurudi. Isingeweza kurudi, kwa sababu ilishushwa kwenye miksi na remasta haifiki huko. Kuna mashabiki waliochoka kusubiri wakatengeneza matoleo yao yenye besi na kuyaweka mtandaoni, na baadhi yanasikilizika vizuri sana. Nikikutana na mtu anayedai remasta fulani "imerudisha vyombo", huwa namwelekeza kwenye albamu hii.

Sasa iweke kando ya Master of Puppets, iliyorekodiwa Copenhagen na prodyuza Flemming Rasmussen. Kuna kipande cha ala tupu, cha pili kutoka mwisho, ambacho besi ya Burton inakibeba mabegani, inaimba kabisa. Kama wewe ni mtu wa dansi na umezoea solo na ridhimu zinazojibizana, anzia hapo, utajisikia nyumbani.

Waliorudi jikoni

Remiksi si dhambi. Machine Head ya Deep Purple (1972) ina historia inayopendeza kuisimulia. Desemba 1971 bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, ikiwa na studio ya kwenye gari iliyokodishwa kutoka kwa Rolling Stones, ili irekodi ndani ya kasino. Tarehe 4 mwezi huo, katika onyesho la Frank Zappa, mtu mmoja ukumbini alifyatua fataki na kasino ikateketea yote. Deep Purple wakahamia hoteli iliyokuwa imefungwa kwa msimu wa baridi, wakatandika magodoro kwenye korido kuzuia mwangwi, wakarekodi humo. Wimbo wao unaojulikana kuliko wote unasimulia moto huo. Mpiga besi wao, Roger Glover, aliimiksi upya albamu kwa toleo la 1997, na mwaka 2024 ikamiksiwa tena na Dweezil Zappa, mtoto wa yuleyule aliyekuwa jukwaani moto ulipoanza. Miksi zote hizi zipo, zote halali, zote tofauti. Mimi bado nachagua ile ya 1972, kwa sababu ogani ya Jon Lord imekaa palepale penye magitaa na inagombana nayo.

Queen ndio wananifanya nisiwe mgumu kupita kiasi. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na tunapenda kumkumbuka kwa nyimbo za uwanjani, lakini Queen ya 1973 na 1974 ilikuwa bendi ya roki ngumu hasa. Wimbo wao mmoja wa 1974 Metallica waliupiga upya na kushinda tuzo ya Grammy. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa Trident, London, kwenye saa ambazo studio haina wateja, na dramu zikatoka zimefungwafungwa, sauti ambayo bendi haikuipenda hata siku hiyo. Mwaka 2024 walirudi kwenye tepu, wakaimiksi upya kwa jina la Queen I, na hata wakarudisha wimbo uliokuwa umeachwa nje. Kwa hiyo hapa kuna nakala ya zamani ambayo wenyewe hawakuridhika nayo. Sikiliza zote mbili. Mpya inapumua zaidi.

ZZ Top, kwa upande mwingine, walifanyiwa jambo la ajabu mwaka 1987: albamu zao za miaka ya 1970 zilitolewa upya kwenye CD zikiwa zimemiksiwa na dramu za mtindo wa miaka ya 1980, ili zifanane na muziki wao uliokuwa ukiuza wakati huo. Miaka mingi waliozinunua kwenye CD hawakujua kwamba kuna sauti nyingine. Dave Mustaine wa Megadeth aliimiksi upya Rust in Peace (1990) mwaka 2004, na kwa kuwa baadhi ya tepu za uimbaji hazikupatikana, akaimba tena sehemu hizo akiwa amezeeka miaka 14. Mwenye sikio analitambua mara moja.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha Ozzy Osbourne. Blizzard of Ozz (1980) na Diary of a Madman (1981) ni albamu mbili za mwisho za studio za Randy Rhoads, mpiga gitaa aliyefariki kwa ajali ya ndege Machi 1982. Besi ni ya Bob Daisley, dramu ni za Lee Kerslake. Ulizuka mgogoro wa malipo na haki, na matoleo ya 2002 yakatoka huku besi na dramu zao zikiwa zimefutwa na kupigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Wapigaji wazuri, hakuna asemaye vinginevyo, lakini Rhoads alikuwa akijibizana na Daisley na Kerslake, si na watu walioingia studio miaka 20 baada ya kifo chake. Mwaka 2011 nakala za asili zilirudishwa. Ukikutana na faili lolote la albamu hizo lililoandikwa 2002, lifute.

Kuna pia kurekodi upya kwa hesabu za biashara. Def Leppard, walipokorofishana na kampuni yao kuhusu mauzo ya mtandaoni, mwaka 2012 walizipiga tena baadhi ya nyimbo zao kubwa za miaka ya 1980, noti kwa noti, ili wauze za kwao. Zinafanana sana na za kwanza. Hiyo ndiyo hatari yake.

Dari ya dijiti

Sasa turudi kwenye ile nafasi kati ya pigo na pigo, maana ndiyo inayoibwa zaidi, na wizi wenyewe hauonekani.

Sikio lina udhaifu: ukilisikilizisha wimbo uleule mara mbili, mara moja kwa sauti iliyozidi kidogo tu, litakuambia ule uliozidi ndio mzuri. Kampuni za muziki zinalijua hilo tangu enzi za santuri. Ila santuri ilikuwa na breki yake. Besi ikizidi, mfereji unatanuka na sindano inaweza kuruka. Dakika zikizidi 20 na kitu kwa upande, inabidi sauti ishushwe ili mifereji ibanane. Kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hakuna sindano. Kuna dari: namba ya juu kabisa ambayo haiwezi kupitwa. Miaka ya 1990 vikaja vifaa vya kompyuta vinavyosukuma kila kitu hadi kwenye dari hiyo. Sauti za chini zinanyanyuliwa, vilele vinakatwa, na wimbo mzima unakaa juu mwanzo hadi mwisho.

Kinachokatwa ni nini? Mara nyingi ni ile nukta ya kwanza ya pigo la dramu, pale fimbo inapogusa ngozi. Sikiliza Back in Black ya AC/DC (1980). Mwimbaji wao Bon Scott alikuwa amefariki Februari mwaka huo; wakamchukua Brian Johnson, wakaenda Nassau, Bahamas, na prodyuza Mutt Lange, na Julai albamu ikawa dukani. Watu hudhani magitaa ya ndugu wawili Malcolm na Angus Young yana mikwaruzo mingi. Wala. Ni masafi kuliko unavyokumbuka. Wimbo uliobeba jina la albamu una gitaa linalopiga na kunyamaza, kupiga na kunyamaza, na ule unyamavu ndio unaokutikisa kichwa. Ukiminya nakala hiyo mpaka unyamavu nao ukapanda, umebaki na magitaa yasiyokata.

Kwa mtu aliyelelewa na dansi au Bongo Flava, madhara ni makubwa zaidi. Muziki wetu huweka solo juu kabisa, besi chini kabisa, na katikati panabaki wazi kwa mwimbaji. Hevi metali hujaza katikati: gitaa la ridhimu, besi na dramu kubwa vinakaa jirani sana. Vikiwa na nafasi unavitenganisha. Vikibanwa vinakuwa tope moja, na hapo ndipo "kelele tu" inapotoka.

Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica (2008), si kongwe lakini ndiyo iliyowafumbua watu macho. CD ilibanwa hadi ikawa inapasuka masikioni. Nyimbo zilezile zilikuwemo kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero bila kubanwa vile, na wasikilizaji wakagundua kwamba mchezo una sauti nzuri kuliko albamu. Maelfu walisaini ombi kutaka imiksiwe upya.

Kuna kichekesho hapa. Spotify na YouTube siku hizi hushusha nyimbo zenye sauti kubwa ili zilingane na nyingine. Nakala iliyobanwa inapoteza faida yake yote na kubaki na hasara: iko sawa kwa kiwango, lakini bapa. Kwa bahati mbaya huko mtandaoni mara nyingi hupewi kuchagua. Remasta ya karibuni ndiyo pekee iliyowekwa. Tazama mwaka ulioandikwa baada ya jina la wimbo. Remasta za miaka ya mwisho ya 1990 hadi 2008 hivi ndizo za kuogopa zaidi, ingawa si zote.

Nisiwatukuze wa zamani bure, vilevile. CD nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa haraka kutoka kwenye tepu zilizoandaliwa kwa ajili ya santuri, na zimetoka nyembamba, hazina kifua.

Mkono wa nne ni wetu

Kuanzia hapo ni uharibifu wa nyumbani. Kaka na wajomba waliokuwa na redio kaseti Arusha miaka ya 1980 walizijua albamu hizi kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa. Kila nakala iliongeza mvumo na kupunguza ukali wa matoazi, na deki yenye mkanda uliochoka ilishusha hata toni ya wimbo. Ule "utamu wa zamani" wanaousifia kwa sehemu ni uchakavu wa kanda. Siwaambii usoni.

Leo kibandani unajaziwa flashi. Faili mara nyingi limechotwa YouTube na kubadilishwa kuwa MP3 ndogo ili ziingie nyingi. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti ambazo sikio lisingezigundua kirahisi, na muziki uliojaa matoazi na magitaa yenye mikwaruzo ndio unaoumia mapema. Ukisikia matoazi yanafoka bila kukatika, tatizo ni faili. Muulize kijana wa kibandani kama ana la kilobiti 320, na hata hivyo kumbuka kwamba faili dogo lililogeuzwa kuwa la 320 ni lilelile, limeongezwa uzito tu.

Kisha sabufa. Kitufe cha besi kiko mwisho, boksi limesukumwa kwenye kona ya ukuta inayoongeza besi nyingine. Kwa amapiano sawa, dramu ni moja na ina nafasi. Kwa Iron Maiden, ambayo besi ya Steve Harris inakimbia muda wote, ni balaa. Rudisha besi katikati, vuta boksi litoke kwenye kona, uone.

Ukiniuliza uanze na nini, jina la kufuata ni Martin Birch. Alikuwa fundi mitambo wa Machine Head, prodyuza wa Heaven and Hell ya Black Sabbath (1980) na wa The Number of the Beast ya Iron Maiden (1982), ya kwanza kwa mwimbaji Bruce Dickinson. Kote humo unasikia kila chombo mahali pake. Motörhead waache kwa baadaye. Lemmy, mpiga besi na mwimbaji wao, alipiga besi yake kama gitaa la ridhimu, kwa mikwaruzo mingi, kwa hiyo Ace of Spades hata nakala nzuri itakusumbua mwanzoni.

Na kwa kujaribu nakala au spika yako kabla hujamlaumu mtu, tumia British Steel ya Judas Priest (1980). Waliirekodi katika nyumba iliyokuwa ya Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, na kwa kuwa hawakuwa na mashine za sauti bandia, walitikisa trei za vijiko na uma ili kupata mlio wa chuma, na kuvunja chupa za maziwa kwa ajili ya mlio wa kioo. Isikilize kwa makini. Kioo kikisikika kama kioo, vipande vikitawanyika, faili lako ni zima, endelea na albamu yote, ni dakika kama 36. Kikisikika kama mfuko wa nailoni unaofinyangwa, tafuta nakala nyingine.